Rasi Isiyo na Bahari

Msikilizaji, wengi wanaijua Same kwa kioo cha basi. Abiria ametoka Dar es Salaam alfajiri, amepita Korogwe na Mombo, usingizi umemshika na kumwachia mara tatu, na sasa anaona mkonge, migunga, mbuyu mmoja mmoja na vumbi jekundu linalofukuzana na malori. Basi linasimama, wauzaji wananyanyua ndizi na maji ya chupa hadi usawa wa madirisha, kisha linaondoka. Akifika Moshi, kilomita kama mia moja mbele, abiria huyo ataapa kwamba Upare ni nchi kavu. Hakugeuza shingo. Mkono wake wa kulia, tangu alipouacha mji mdogo wa Mkomazi, milima ilikuwa imesimama kama ukuta, na juu ya ukuta ule, mawinguni, kulikuwa na watu wanaochimba tangawizi kwenye udongo mbichi.

Mazungumzo ya leo ni ya siku moja tu ya kuipanda milima hiyo kwa miguu, upande wake wa mashariki, kutoka Kisiwani hadi Mbaga na kurudi.

Ukiitazama ramani, Upare Kusini unafanana na rasi. Ni nchi ndefu, nyembamba, iliyoinuka, nayo imechomoza katikati ya nyika. Magharibi kuna nyika ya mto Pangani inayokwenda hadi Umasaini. Mashariki kuna mbuga za Mkomazi zinazovuka mpaka na kukutana na Tsavo ya Kenya. Bahari iko mbali, huko Tanga. Hata hivyo kijiji kilicho chini ya mteremko wa mashariki kinaitwa Kisiwani, na mtu akikitazama kutoka juu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya nyika, jina hilo halimshangazi hata kidogo. Chini kumetanda kitu cheupe kama bahari iliyotulia, na vilima vidogo vinachungulia hapa na pale.

Wanasayansi nao wanaizungumzia milima hii kwa lugha ya visiwa. Upare ni sehemu ya Safu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare na Usambara, ikashuka hadi Udzungwa. Misitu ya vileleni ni ya kale sana, na kati ya mlima na mlima kuna nyika kavu ambayo ndege wa msituni au chura wa ukungu hawezi kuivuka. Kila mlima ukafuga viumbe vyake.

Siku ya mtembezi huanzia stendi ya Same kabla jua halijatoka. Baridi ya alfajiri huwashangaza wageni waliozoea joto la Same la mchana. Chai ya rangi, chapati mbili, chupa ya maji, kofia, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, hayo yanatosha. Gari la kwenda Kisiwani, Gonja na Ndungu hujaa taratibu: mafuta ya kula, mabati, mitungi ya gesi, kuku ndani ya tenga, mwanafunzi anayerudi shule na godoro lake. Likishajaa huiacha lami ya njia kuu, likapita kwenye uwazi ulio kati ya milima ya kaskazini na ile ya kusini, na ghafla nchi inageuka. Kushoto ni Mkomazi, hifadhi tangu mwaka 1951 na sasa Hifadhi ya Taifa, wanakotunzwa faru weusi na mbwa mwitu ndani ya eneo la ulinzi maalumu. Kulia ni mlima, na mlima wa upande huu ni wa kijani.

Sababu ya ukijani huo si fumbo. Upepo wa kusini-mashariki hutoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu. Unaipita nyika bila kudondosha kitu cha maana, mpaka unapogonga kifua cha milima na kulazimika kupanda. Ukipanda unapoa, ukipoa unanyesha. Ukifika ng'ambo ya pili, kwenye mji wa Same na Makanya, umekwisha kumwaga karibu kila ulichokuwa nacho. Ndiyo maana mji wa Same huishi na mvua za kubahatisha, na umbali wa mchana mmoja wa kutembea kuna mahali ambapo mwenyeji hulalamika kwamba maharage yake yanaozea shambani kwa unyevu. Kila ugomvi wa maji uliowahi kutokea Upareni, na kila ufundi wa maji uliobuniwa huko, chanzo chake ni tofauti hiyo ya juu na chini.

Kisiwani yenyewe ni kijiji cha njia panda. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Kilimanjaro ilipata hapa maji na chakula, na wazungu wa mwanzo waliopita na wapagazi wao waliliandika jina la mahali hapa kila mmoja kwa tahajia yake. Mei 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, majeshi ya Waingereza yalipita pande zote mbili za milima yakiwafukuza Wajerumani: kundi moja likifuata reli ya Tanga, jingine likizunguka huku mashariki kuelekea Gonja. Leo wakazi wa Kisiwani wana adui mwingine anayekuja usiku. Tembo hutoka Mkomazi, huingia mashambani, na asubuhi familia hukuta kazi ya miezi minne imelazwa chini. Watu wanalinda kwa tochi, ngoma na mabati, na wapo waliopoteza maisha. Si jambo la kulipita haraka kwa sababu tu mgeni amekuja kutazama mandhari.

Njia ya kupanda Mbaga huanza kwa upole. Kuna mashamba ya mahindi, miembe mikubwa, mbuzi waliofungwa kwenye vigingi. Baada ya nusu saa upole unakwisha. Njia za Wapare hazikukatwa kwa ajili ya magari wala kwa ajili ya mapumziko. Zilikatwa na watu wenye mizigo kichwani waliotaka kufika. Hazizungukizunguki kama barabara ya gari. Zinafuata mgongo wa kilima, zikikutana na jiwe zinalipanda, zikikutana na kijito zinakivuka kwa gogo. Mtembezi wa mjini hutazama saa yake kila baada ya dakika kumi. Nyuma yake anasikia hatua nyepesi, anajisogeza pembeni, na mama wa miaka sitini anampita akiwa na kilo ishirini za unga kichwani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mwatoka wapi?”

“Twatoka Same, twaenda Mbaga kutembea.”

“Kutembea tu?” Anasimama, anageuka na mzigo wake wote. “Haya, karibuni. Pumzikeni kwenye ule mti, pale juu hapana kivuli tena.”

Alisema kweli. Juu ya ule mti hapana kivuli kwa robo saa nzima.

Kisha masikio yanatangulia macho. Kabla mtembezi hajauona mfereji, anausikia ukinong'ona kando ya njia, chini ya majani. Wenyeji wanauita mfongo. Ni mfereji wa upana wa jembe, umechongwa kwenye ubavu wa mlima kwa mkono, na mteremko wake ni mdogo kiasi kwamba jicho halitambui maji yanaelekea wapi mpaka utupie jani likuonyeshe. Aliyeupima hakuwa na chombo cha upimaji. Alitanguliza maji yenyewe, akachimba palepale yalipokubali kwenda. Mahali penye mwamba, mfongo umepitishwa kwenye mgomba uliotobolewa au, siku hizi, kwenye bomba la plastiki lililofungwa kwa waya. Mfereji wa namna hii ukizibwa na jiwe moja juu, shamba la mtu aliye kilomita mbili chini linakauka, na kwa hiyo hakuna anayepita akaliacha jiwe. Hata kijana anayeongoza njia, huku akizungumza habari za mpira, huinama na kuondoa tawi lililoanguka majini bila kukatisha maneno yake.

Mifongo mingi huishia kwenye ndiva, na hapo ndipo inapofaa kukaa chini na kutazama kwa makini.

Ndiva ni bwawa dogo la kuchimba, limezungushiwa kingo za udongo na mawe, na kwa chini lina tundu moja la kutolea maji. Usiku kijito hakina wa kukitumia. Watu wamelala, na maji yangepotea bondeni. Kwa hiyo jioni tundu huzibwa, na maji ya usiku kucha hukusanyika. Asubuhi tundu hufunguliwa, maji yanatoka kwa nguvu na kufika mashamba ya mbali, mahali ambapo mtiririko mwembamba wa kijito ungezama ardhini kabla ya kufika. Ufundi wote uko hapo. Hawakuongeza hata tone moja la mvua. Waliokoa saa kumi na mbili za usiku. Zamani tundu lilizibwa kwa kigogo na udongo. Siku hizi ndiva nyingine zimejengewa saruji na kuwekewa lango la chuma. Zipo za zamani sana, zilizochimbwa na koo, kila ukoo na ndiva yake, na zipo zilizokarabatiwa karibuni kwa msaada wa miradi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa nje walikaa miaka katika bonde la Makanya, upande wa magharibi, wakizipima ndiva za vijiji kama Bangalala na kuandika jinsi wakulima wanavyogawana maji.

Kugawana huko ndiko kugumu kuliko kuchimba. Kuna kamati, kuna zamu, kuna siku ya kila mtu, na kuna faini kwa asiyefika kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji na kutoa tope. Mwenye zamu ya saa nne akichelewa, maji hayamngoji. Mjane naye ana zamu yake, na mtoto wake akija na jembe badala ya mama mgonjwa, anahesabiwa. Bado ugomvi upo, hasa wa juu na wa chini: wa juu wanapanda mboga za kuuza mwaka mzima, wa chini wanasubiri maji ya kupandia mahindi, na maji hayo kila mwaka yanapungua. Watu wanaosema Wapare wanapenda kesi wangekaa wiki moja tu kwenye kingo za ndiva wakati wa kiangazi. Mtu aliyelelewa mahali ambapo nusu saa ya maji ina mwenyewe lazima ajifunze kuitetea haki yake kwa maneno, tena mbele za watu, tena kwa ushahidi.

Karibu na Mbaga njia inapita kwenye mapango ya Mghimbi. Kwa nje ni mianya tu kati ya mawe makubwa, na asiyeonyeshwa atapita. Ndiyo iliyokuwa faida yake. Mtawala wa Wasambaa, Kimweri ye Nyumbai, alipofariki mwaka 1862, nchi yake iliingia katika ugomvi wa urithi. Mwanawe Semboja aliweka makao Mazinde, chini kwenye njia ya misafara, alikopata bunduki kwa kuuza watu. Upare ulikuwa jirani. Vikosi vilipanda, na watu wa huku wakaingia mapangoni na watoto, mbuzi na vibuyu vya maji. Ukiingia leo inakubidi uiname, kisha utambae, na baada ya hatua chache sauti za nje zinakatika. Kijana anayeongoza huzima tochi kwa makusudi. Mtu akikaa dakika mbili katika giza lile, akafikiri jinsi ya kumnyamazisha mtoto mchanga mle ndani wakati nyayo za watu zinapita juu, hataihesabu tena biashara ya utumwa kuwa habari ya pwani na Zanzibar peke yake.

Mahali pa pili ni pazito zaidi. Mwamba wa Malameni una sifa ambayo wenyeji hawaitaji kwa sauti kubwa: simulizi za Mbaga zinasema hapa watoto walitolewa kafara ili kutuliza mizimu, mpaka mila hiyo ilipokoma katika miaka ya 1930. Wamisionari waliokaa Upareni waliandika pia habari za vigego, watoto waliotangulia kuota meno ya juu na kuhesabiwa kuwa mkosi. Waongozaji wazuri hawapambi habari hizi wala hawazifichi. Wanasema kilichotokea, wanaonyesha mwamba, wanangoja kidogo, kisha wanaendelea na njia. Wageni wengine huomba kupigwa picha wamesimama ukingoni. Afadhali wangeacha.

Wamisionari walikuja mwanzoni mwa karne ya 20. Waadventista wa Kijerumani walianza Giti, huko Mamba, mwaka 1903. Walutheri wa Leipzig wakajenga Mbaga, na mmoja wao, Jakob Dannholz, alijifunza Chasu, lugha ya Wapare, akaandika kitabu juu ya imani zao kilichochapishwa Leipzig mwaka 1916. Kanisa la Mbaga limesimama hadi leo, na kutoka uwanjani pake mtu huona Mkomazi yote hadi vilima vya Kenya. Mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, upepo unapita shingoni, jasho linakauka, na kila mtu anakumbuka tumbo lake.

Chakula cha mchana ni makande. Mahindi yaliyokobolewa na maharage, yamechemshwa tangu alfajiri juu ya mafiga matatu, yakaungwa kwa kitunguu na nazi kidogo kama ipo, au maziwa, au parachichi la kuponda pembeni. Watani wa Wapare wana maneno yao juu ya makande, na utani ni haki yao. Lakini mtu aliyetoka Kisiwani kwa miguu asubuhi, akapewa bakuli lenye moshi na kijiko, akiwa amekaa kwenye kigoda na mgongo wake ukutani, anaelewa kwa nini watu wanaopanda milima hii kila siku walichagua chakula kinachokaa tumboni mpaka jioni.

Kutoka hapo mlimani unaonekana msitu wa Chome, na ndani yake Shengena, kilele cha juu kuliko vyote Upareni, mita 2,462. Kwa siku moja kutoka Kisiwani haufikiki. Unahitaji siku mbili, kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na nguo za mvua. Lakini kujua kwamba upo kunabadilisha macho. Kila mfongo uliovukwa tangu asubuhi umetoka kwenye misitu ya namna hiyo. Ndani yake kuna mkulo, mti mkubwa wenye harufu ya kafuri, ambao mbao zake zilipendwa sana hata misumeno ikaumaliza sehemu nyingi. Na kuna ndege mdogo wa kijani na manjano, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, kinengenenge wa Upare Kusini. Jina lake la kisayansi linamkumbuka Winifred Moreau, mke wa mtaalamu wa ndege Reginald Moreau aliyefanya kazi Amani, Usambara. Ndege huyo haonekani Kilimanjaro, wala Usambara, wala mahali pengine popote duniani. Msitu huu ukikatwa, naye kwisha.

Wazee walijua kulinda msitu bila bango. Kila ukoo ulikuwa na mpungi, kichaka kitakatifu cha matambiko, na kulikuwa na mshitu, msitu wa jando. Huko hakukatwa kuni. Katika wilaya ya Mwanga peke yake, Upare Kaskazini, watafiti wa miaka ya 1990 walihesabu zaidi ya misitu 200 ya aina hiyo, mingi yake midogo. Mtembezi akiona kundi la miti mirefu imesimama peke yake katikati ya mashamba, bila sababu ya dhahiri, aulize kabla ya kuingia.

Safari ya kuteremka ndiyo wakati wa kusimulia kisa kikubwa kuliko vyote vya miguu ya Wapare, na waongozaji wengi vijana hawakijui vizuri. Ni kisa cha mbiru.

Mbiru lilikuwa jina la ushuru wa kale ambao watu walipeleka kwa wafumwa, watawala wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Uingereza ililichukua jina hilo ikalivika kodi mpya, iliyopimwa kulingana na mali ya mtu na kuongezwa juu ya kodi iliyokuwapo. Watu waliuliza maswali ya kawaida kabisa: nani anahesabu ng'ombe wangu, nani ameithamini migomba yangu, kwa nini jirani mwenye mali kuliko mimi ameandikiwa kidogo? Hawakujibiwa. Januari 1945, maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani, kusini na kaskazini, wakaenda Same kwenye boma la wilaya, wakapiga kambi. Hawakubeba silaha. Walisema kodi ya zamani wako tayari kuilipa, hii hawailipi. Walipokezana zamu, wengine wakirudi kulima, wengine wakija na chakula, kama vile walivyozoea kupokezana zamu kwenye ndiva. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo. Mwanahistoria Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwenyewe Mpare, ndiye aliyekikusanya kisa hiki na kukiandika baada ya uhuru.

Mgomo ukaendelea. Mwaka 1946 wanawake wakaingia. Kutoka Usangi, Upare Kaskazini, waliteremka kwa wingi na kutembea kiasi cha kilomita 40 hadi Same, na ujumbe wao kwa afisa wa wilaya unasimuliwa mpaka leo: amalize shauri hili waume zao warudi nyumbani, au la, yeye mwenyewe awe mume wao na awape mimba wote. Serikali ilijaribu vitisho, ikajaribu mikutano, na mwishowe ikaiacha kodi hiyo.

Msikilizaji, njia hizo walizoteremkia bado zipo. Mtu anaweza kuzipita leo. Hakuna kibao hata kimoja cha kumwambia kwamba hapa walipita watu waliotembea kwa ajili ya haki yao, miaka kumi na sita kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Hapo ndipo inapofaa kuutazama ulimwengu kidogo. Japani ni nchi yenye rasi nyingi, na kuzitembea kwa miguu ni desturi ya watu wa kawaida. Familia ya Tokyo hupanda treni asubuhi, hushuka kwenye rasi ya Miura, hutembea ufukweni na kwenye mashamba ya figili, hula samaki, hurudi jioni. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011 kubomoa miji ya pwani ya kaskazini-mashariki, Wizara ya Mazingira ya nchi hiyo iliunganisha njia za zamani za vijijini kuwa njia moja ya kutembea, iitwayo Michinoku, zaidi ya kilomita 1,000, ikakamilika mwaka 2019. Inapita palepale maji yalipopita. Anayetembea analala kwa wenyeji, anakula kwao, anasikia kwao.

Wajapani si wageni Same. Mradi wa umwagiliaji wa mpunga wa Ndungu, chini kidogo ya Gonja, ulijengwa kwa msaada wao mwishoni mwa miaka ya 1980. Walileta saruji na ujuzi wa mifereji kwa watu ambao tayari walikuwa mafundi wa mifereji. Sasa lingefaa pia wazo la njia ya kutembea. Milima hii nayo ina kilio chake: Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, ardhi ya Goha, Mamba Myamba, iliporomoka usiku na kuua watu wasiopungua 20 ndani ya nyumba zao. Njia ya kutembea inayopita huko, yenye jiwe la kumbukumbu na mwenyeji wa kueleza dalili za mteremko unaotaka kuhama, ingefundisha watu wengi zaidi kuliko semina.

Si kwamba hakuna kilichofanyika. Tangu miaka ya 1990, kwa kuanzia na msaada wa shirika la Uholanzi la SNV, vijiji vya Mbaga na Usangi viliingia katika utalii wa utamaduni, na vijana kadhaa walijifunza kuongoza wageni. Lakini wageni wengi wa kaskazini huenda Kilimanjaro na Serengeti, na basi lao hupita Same bila kusimama. Watanzania wenyewe ndio wangeweza kuibadilisha hali hiyo. Nauli ya kutoka Moshi si kubwa, ada ya mwongozaji inalipika kwa watu wanne wakichangiana, na treni ya abiria kutoka Dar es Salaam, iliyorudi kwenye reli hii Desemba 2019 baada ya kimya cha miaka mingi, ilionyesha jinsi watu walivyoikosa. Shule za sekondari za Same na Mwanga zingeanza: mwalimu wa historia na mwalimu wa jiografia, wanafunzi arobaini, siku moja ya Jumamosi, kutoka Kisiwani hadi Mbaga. Anayeogopa kupanda achague Juni hadi Septemba, masika yakiisha, njia zikiwa zimekauka. Vuli ikianza Oktoba udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na magoti hulipa.

Saa kumi na moja jioni mtembezi yuko karibu nusu ya mteremko. Kivuli cha mlima kimekwisha kuifunika Kisiwani, ila mbele yake nyika ya Mkomazi bado ina jua, ya manjano mpaka mwisho wa macho. Pikipiki mbili zinapanda na magunia ya mbolea. Harufu ya moshi wa kuni inatoka kila upande. Njiani anakutana na mzee mwenye jembe begani, suruali imekunjwa hadi magotini, anaelekea juu wakati kila mtu anashuka.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Mwateremka?”

“Twateremka. Mzee waenda shamba saa hizi?”

“Naenda kuziba ndiva.” Anaitazama anga upande wa mashariki, kisha viatu vya wageni. “Harakisheni, giza lisiwakute chini. Jana tembo walifika hadi kwenye miembe.”

Anaendelea kupanda, bila haraka. Muda kidogo baadaye mfongo ulio kando ya njia, ulioimba tangu asubuhi, unapungua sauti, unakuwa uzi, unanyamaza.